Mlio si Nguvu: Funzo la Sailensa ya Ndege ya Mfano

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo kwa kawaida humwendea mtu mwenye maneno mengi na vitendo haba. Lakini ingefaa pia iandikwe juu ya mlango wa kila karakana ya injini, kwa maana ipo imani iliyoenea sana kwamba injini yenye makelele ndiyo yenye nguvu. Kijana hununua pikipiki, na kabla hajaizoea huitoboa sailensa, yaani lile kopo la kupunguzia mlio lililo kwenye bomba la moshi, akiamini kwamba amefungua nguvu iliyokuwa imefungiwa humo. Mlio unapoongezeka, yeye huridhika. Masikio yake yamemshuhudia; kipimo hakuna.

Imani hiyo yaweza kuchunguzwa kwa urahisi zaidi katika injini ndogo zinazorusha ndege za mfano. Huko Ulaya, Marekani na Japani watu wa rika zote wamezijenga ndege hizo kwa miongo mingi, na swali la sailensa ipi ichaguliwe, na ibadilishwe vipi, limejadiliwa sana baina yao. Swali hilo laweza kuonekana kuwa la mchezo. Kwa hakika ni swali la fizikia ya mawimbi, la usalama wa masikio, na la amani kati ya jirani na jirani. Tena linaonyesha wazi tofauti iliyopo kati ya mtu anayetengeneza kwa kubahatisha na mtu anayetengeneza kwa kupima. Hoja ya makala haya ni kwamba sailensa si kitu kisichoruhusiwa kuguswa na tupa wala keekee. Lakini asiyepima kabla ya kugusa hana haki ya kusema kwamba ametengeneza.

Mlio watoka wapi

Injini ya kawaida ya ndege hizo ina ujazo wa sentimita za ujazo 6.5, yaani unaozidi kidogo tu kijiko kimoja cha chai. Ni injini ya mapigo mawili. Haitumii cheche za umeme kama injini ya pikipiki. Plagi yake, ya aina iliyoanza kuuzwa na Mmarekani Ray Arden mwaka 1947, ina waya mwembamba wa platinamu unaobaki umewaka kwa joto la mwako wenyewe, na kwa namna platinamu inavyoichochea methanoli kuungua. Methanoli hiyo huchanganywa na mafuta ya kulainishia, mara nyingi mafuta ya nyonyo, na pengine nitromethani kidogo.

Pistoni inaposhuka hufunua tundu la moshi lililo ubavuni mwa silinda. Gesi ya moto, ambayo bado ina kanieneo kubwa, hutoka kwa ghafla kama chupa ya soda inapofunguliwa baada ya kutikiswa. Katika injini ya mapigo mawili jambo hilo hutokea mara moja katika kila mzunguko. Basi injini inayozunguka mara 12,000 kwa dakika hutoa pigo hilo mara 200 kila sekunde. Mitetemo 200 kwa sekunde ndiyo sauti ya msingi ya injini. Juu yake hupandana sauti nyingine za mitetemo 400, 600, 800 na kuendelea, kwa sababu pigo la ghafla halina sauti moja tu. Hizo za juu ndizo zinazokera zaidi, kwa kuwa sikio la binadamu ni jepesi hasa kwa sauti za mitetemo baina ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde.

Ufumbuzi wa kuupunguza mlio huo ni wa zamani kuliko ndege yenyewe. Ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves wa mji wa Columbus katika jimbo la Indiana, walipewa hataza ya kipunguza mlio cha injini mwaka 1897, miaka sita kabla ya ndugu Wright kuruka. Hata hivyo injini za ndege za mfano ziliendelea kwa muda mrefu kutumika tundu likiwa wazi. Majirani wa viwanja vya kurushia walilalamika, na vilabu vingine vikanyang'anywa viwanja vyao. Katika miaka ya 1960 sailensa ilianza kuwa sharti mahali pengi. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo ambao uliweka kikomo cha desibeli 82, zikipimwa umbali wa mita 7 kutoka kwenye ndege.

Mwalimu wa fizikia hapaswi kuiacha tarakimu hiyo ipite bila kuwauliza wanafunzi wake: kwa nini umbali umetajwa? Jibu ni kwamba desibeli bila umbali hazina maana. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili kiwango cha sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ndege inayopimwa desibeli 82 kwa mita 7 ingetoa zaidi ya desibeli 89 kama ingepimwa kwa mita 3. Mtu anayejigamba kwamba sailensa yake ni ya desibeli kadhaa, asiseme alisimama wapi, hajasema lolote.

Chupa, chumba na mkia

Sailensa ya kawaida ya injini hizo ni kitu chepesi kukieleza. Ni chumba kitupu, kwa kawaida cha alumini, ambacho gesi huingia humo kutoka kwenye silinda na kutoka kupitia kijibomba chembamba kinachoweza kuitwa mkia. Kazi ya chumba ni kuyapokea mapigo yanayokuja kwa vishindo na kuyatoa nje kama mkondo uliotulia, mfano wa tangi la maji linalojazwa kwa ndoo lakini likatiririka kwa bomba bila kukatika.

Ili kuielewa kazi hiyo kwa tarakimu, mwanafunzi na achukue chupa tupu aipulize mdomoni mpaka ivume. Hewa iliyo katika shingo ya chupa huenda mbele na nyuma kama jiwe dogo lililofungwa kwenye springi, na springi yenyewe ni hewa iliyo tumboni mwa chupa. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilichunguza jambo hilo kwa undani katika karne ya 19. Kadiri tumbo linavyokuwa kubwa, springi hulegea na sauti hushuka. Kadiri shingo inavyokuwa ndefu, jiwe huwa zito na sauti hushuka vilevile. Kadiri shingo inavyokuwa pana, sauti hupanda. Iwapo chupa itatiwa maji mpaka ibakiwe na robo tu ya hewa yake, shingo ikiwa ni ileile, idadi ya mitetemo hukaribia kuwa maradufu.

Sailensa ni chupa ya namna hiyo. Nayo ina mtetemo wake wa asili, na tabia yake hufuata kanuni moja iliyo muhimu kupita zote: sauti zilizo chini ya mtetemo huo huzipitisha; zilizo karibu nao huweza hata kuzikuza; zilizo juu yake, kuanzia mara 1.4 hivi, ndizo huzipunguza.

Ichukuliwe kwa mfano sailensa yenye ujazo wa sentimita 65, yaani mara kumi ya ujazo wa silinda, na mkia wenye upana wa ndani wa milimita 8 na urefu wa milimita 30. Gesi ikiwa na joto la nyuzi 300 za Selsiasi, sauti husafiri ndani yake kwa kasi ya mita 480 hivi kwa sekunde, badala ya mita 343 inazokwenda katika hewa ya nyuzi 20. Kwa hesabu ya Helmholtz mtetemo wa asili wa sailensa hiyo ni karibu 350 kwa sekunde. Sauti ya msingi ya injini, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni mitetemo 200. Basi sailensa hiyo, ijapokuwa inazipunguza sauti za juu, hupitisha sauti ya msingi kana kwamba haipo.

Chumba kikiongezwa ujazo mara nne, mtetemo wa asili hushuka hadi 175. Mkia nao ukirefushwa mara mbili, hushuka hadi 125 hivi, na hapo hata sauti ya msingi huanza kuzuiwa. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa maana gesi ya injini ina vishindo ambavyo hewa ya chupa haina. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Ujazo wa namna hiyo ni sentimita 260, pungufu kidogo ya chupa ndogo ya soda. Si kitu kisichoweza kubebwa na ndege ya mita moja na nusu, ingawa uzito wake hauna budi kuhesabiwa, usije ukaondoa mizani ya ndege.

Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la swali la kuchagua. Anayechagua sailensa asianze kwa kuuliza chapa wala bei, bali aulize ujazo. Chumba kikubwa ndicho pekee kinachopunguza mlio bila kuibana injini, kwa sababu humpa gesi nafasi ya kutanuka. Sailensa nyingi zinazouzwa pamoja na injini ni ndogo kuliko inavyotakiwa, si kwa sababu mtengenezaji hakujua fizikia, bali kwa sababu ilimpasa atoe kitu chepesi, cha bei nafuu, na chenye kuenea katika ndege za kila aina. Kwa hiyo anayedai kwamba kilichotoka kiwandani kisiguswe naye amekosea. Kiwanda kilifanya maafikiano. Mtumiaji anaruhusiwa kufanya mengine, mradi ajue anatoa nini ili apate nini.

Kosa la keekee na kosa la kizibo

Marekebisho yanayofanywa mara nyingi zaidi ndiyo mabaya zaidi. La kwanza ni kutoboa: mkia hupanuliwa kwa keekee, au kiwambo cha ndani hung'olewa. Mkia wa milimita 8 ukipanuliwa hadi kuzidi kidogo milimita 11, eneo lake huwa maradufu, na mtetemo wa asili hupanda kutoka 350 hadi karibu 500. Sauti ya mitetemo 400, ambayo awali ilikuwa inakaribia kuzuiwa, sasa hupita bila kipingamizi. Mlio huongezeka, na mwenye injini hufurahi.

Furaha hiyo mara nyingi haidumu. Katika ndege nyingi za mfano, mpira mwembamba hutoka kwenye sailensa hadi kwenye tangi la mafuta, ili kanieneo ndogo ya gesi isaidie kuyasukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Mkia unapopanuliwa kanieneo hiyo hushuka, mafuta yanayofika hupungua, na mchanganyiko huwa na hewa nyingi kupita kiasi. Katika hali hiyo injini huenda kwa mbio kwa muda mfupi, na kumdanganya mwenyewe kwamba imepata nguvu mpya, kisha hupata joto. Kwa kuwa mafuta ya kulainishia huja pamoja na methanoli, upungufu wa methanoli ni upungufu wa ulainisho pia. Pistoni huanza kukwama, nayo ndege iko angani. Wapo walioilaumu injini, wapo walioilaumu plagi, na wapo waliolaumu mafuta; sababu ilikuwa tundu walilolitoboa wenyewe. Yeyote aliyebadilisha sailensa, kwa vyovyote vile, hana budi kuirekebisha upya sindano ya kabureta kabla ya kuruka.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Mtu aliyelalamikiwa na jirani huuziba mkia uwe mwembamba, akidhani kwamba akiibana gesi ataubana na mlio. Mlio hupungua kidogo, lakini gesi iliyoungua hubaki silindani ikachukua nafasi ya hewa mpya. Injini hupoteza nguvu na kupata joto. Alichofanya mtu huyo ni kuongeza ukinzani mahali palipotakiwa ujazo. Mtoboaji na mzibaji, ijapokuwa hawapatani, ni ndugu wa baba mmoja: wote wawili wamelishika tundu, ambalo ni rahisi kulifikia, wakakiacha chumba.

Nguvu hujulikana kwa kuhesabu mizunguko

Patakuwa na watakaosema kwamba maneno yote haya ni ya kumpendeza jirani, na kwamba sailensa, iwe kubwa au ndogo, huila nguvu ya injini. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na inastahili jibu la tarakimu.

Nguvu inayotakiwa kuizungusha rafadha, au propela, hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko yake. Kwa hiyo rafadha ileile ikiwekwa kwenye injini ileile, hesabu ya mizunguko hutosha kuilinganisha nguvu. Ikiwa injini isiyo na sailensa inazunguka mara 12,000 kwa dakika, na yenye sailensa mara 11,700, upungufu wa mizunguko ni sehemu mbili na nusu katika mia. Kwa kipeo cha tatu, upungufu wa nguvu ni sehemu 7 hivi katika mia. Hiyo ni hasara ya kweli, wala haifai kufichwa. Lakini rubani anayeielekeza ndege kutoka ardhini ni nadra kuigundua kwa macho, na mara nyingi huweza kuifidia kwa kuchagua rafadha inayoifaa injini zaidi.

Sasa na afikiriwe yule aliyetoboa. Akipata nyongeza ya mizunguko 50 juu ya 11,700, nguvu imeongezeka kwa sehemu moja na kidogo tu katika mia. Hewa inapopata joto kutoka nyuzi 20 asubuhi hadi nyuzi 30 mchana, msongamano wake hupungua kwa sehemu zaidi ya tatu katika mia. Basi aliyepima injini asubuhi kabla ya kutoboa, na mchana baada ya kutoboa, hajui alichokipima: ni keekee au ni jua. Jaribio la haki hufanywa siku ileile, kwa mafuta yaleyale na rafadha ileile. Sailensa ya zamani hupimwa kwanza, kisha mpya, kisha ya zamani tena. Na kila mara sindano hurekebishwa kabla ya kusoma mizunguko. Kama vipimo viwili vya sailensa ya zamani havilingani, hakuna uamuzi unaoweza kutolewa juu ya mpya.

Bomba linalotumia mwangwi

Iko njia moja ambayo bomba la moshi huongeza nguvu kwa kweli, nayo inafaa itajwe kwa sababu ndiyo inayotajwa vibaya zaidi. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden, aliyekuwa na kiwanda cha pikipiki cha MZ katika Ujerumani ya Mashariki, aliendeleza mabomba yaliyotanuka kisha yakasinyaa. Wimbi la kanieneo linapofika mahali bomba linapotanuka, hurudi likiwa wimbi la mvuto, nalo husaidia kuondoa gesi iliyoungua. Linapofika mahali bomba linaposinyaa, hurudi likiwa wimbi la msukumo, nalo huirudisha silindani hewa mpya iliyokuwa imeanza kuponyoka, muda mfupi kabla ya tundu kufungwa. Kufikia mwaka 1961 injini ya Kaaden ya sentimita 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea upande wa Magharibi na kuichukua elimu hiyo hadi kampuni ya Suzuki ya Japani. Katikati ya miaka ya 1960 Mmarekani Bill Wisniewski aliitumia katika ndege za mfano za mbio.

Siri ya bomba hilo haimo katika uwazi wake wala katika mlio wake. Imo katika urefu. Katika injini inayozunguka mara 15,000 kwa dakika, tundu la moshi likiwa wazi kwa nyuzi 160 za mzunguko, tundu hilo hubaki wazi kwa sehemu 1.8 hivi za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Wimbi linalokwenda mita 500 kwa sekunde huweza kusafiri sentimita 89 katika muda huo, kwenda na kurudi. Basi mahali pa kurudishia wimbi pasizidi sentimita 44 hivi kutoka kwenye tundu. Bomba likifupishwa, faida yake huhamia kwenye mizunguko mingi zaidi. Likirefushwa, huhamia kwenye mizunguko michache. Kwa hiyo bomba lililomfaa mtu mmoja na rafadha yake laweza kumkosesha nguvu mwingine. Anayelikata hana budi kukata milimita chache kwa mara moja na kupima kila mara, kwa maana kilichokatwa hakirudi.

Chanzo kipi kinavuma

Baada ya yote haya lipo swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: je, mlio unaosikika ni wa sailensa? Ncha za rafadha ya inchi 10 inayozunguka mara 12,000 kwa dakika hukata hewa kwa kasi ya mita 160 hivi kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya sauti. Kwa mizunguko 16,000 kasi hiyo huwa mita 213. Rafadha nayo huvuma, na kadiri ncha zinavyokwenda mbio ndivyo mvumo wake unavyokua haraka.

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ichukuliwe kwamba moshi peke yake hutoa desibeli 95, na rafadha peke yake 88. Kwa pamoja hutoa karibu 96. Sailensa nzuri ikiupunguza mlio wa moshi hadi 85, jumla hushuka hadi karibu 90, nayo ni faida kubwa. Lakini mtu akijitaabisha kutengeneza sailensa nyingine ya kuushusha moshi hadi 75, jumla hufika 88 tu. Taabu yote ya pili imeleta nafuu isiyofika desibeli mbili, kwa sababu sasa anayevuma ni rafadha. Wakati huo dawa si sailensa tena, bali ni rafadha kubwa zaidi inayozunguka polepole. Na injini inayozunguka polepole hutaka hesabu ya sailensa ifanywe upya, kwa kuwa sauti yake ya msingi imeshuka. Kila kitu kimefungwa na kingine.

Yapo pia masikio ya mwenye injini, ambaye huinama karibu nayo anapoirekebisha. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 huruhusiwa kwa dakika 15 tu. Usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi.

Elimu hii ni ya nani

Msomaji aweza kuuliza faida ya mambo haya ni ipi, hasa leo ambapo ndege nyingi za mfano huendeshwa kwa mota za umeme. Jibu ni kwamba mota imeondoa moshi, haikuondoa rafadha, na hesabu ya ncha zake ni ileile. Injini ya mapigo mawili nayo haijaondoka. Imo katika misumeno ya kukatia miti, na imo katika mashine za boti nyingi za wavuvi. Kila inapovuma, vipo chumba, mkia, na mtu mwenye keekee mkononi.

Shule haihitaji kununua injini ili ilifundishe somo hili, wala haifai injini iwashwe darasani, kwa kuwa rafadha hukata vidole na moshi ni sumu. Chupa, maji, mrija na rula vyatosha. Wanafunzi wakiongeza maji katika chupa na kuandika ujazo wa hewa iliyobaki, kisha wakaisoma idadi ya mitetemo kwa simu yenye programu ya kupimia sauti, watapata mchoro wa Helmholtz kwa mikono yao wenyewe. Wakifunga vipande vya mrija vya urefu mbalimbali kwenye mdomo wa chupa, wataona kazi ya mkia. Simu hiyo haiaminiki kwa desibeli halisi. Kwa kulinganisha sauti mbili mahali pamoja na kwa umbali mmoja inafaa.

Mwanafunzi aliyelifanya jaribio hilo, siku atakapopita penye gereji na kumsikia fundi akisema kwamba pikipiki imepata nguvu baada ya kutobolewa sailensa, hatabishana naye. Atamwuliza tu imepimwa wapi, kwa kifaa gani, na kabla ya kutobolewa ilikuwa ngapi.